Barua ya wazi kwa wakuu wa majiji: kipimajoto chenu hakilali tunapolala sisi

Kwa Waheshimiwa mameya, madiwani, wakurugenzi wa majiji, na wakuu wa idara za mipango miji, afya na hali ya hewa, popote mlipo.

Yah: Jiji zima kutangaziwa joto moja

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, niende moja kwa moja kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Nimepanga chumba cha juu, chini ya mabati, katikati ya jiji kubwa. Kaka yangu analima mboga pembezoni mwa jiji hilohilo, ndani ya mipaka ileile mnayoisimamia nyinyi. Jioni sote wawili tunasikiliza utabiri mmoja. Tunatajiwa namba mbili, ya mchana na ya usiku, na hakuna hata moja inayonihusu mimi, wala inayomhusu yeye.

Njia ya kwenda kwake naijua kwa ngozi. Natoka mjini usiku nimepakiwa kwenye pikipiki, shati limenata mgongoni. Tukishazipita nyumba za mwisho, pale barabara inapoanza kuteremka bondeni, hewa inabadilika ghafla kama mtu kafungua jokofu. Vinyweleo vinasimama, dereva anafunga zipu ya koti lake. Tukipanda upande wa pili wa bonde, uvuguvugu unarudi kidogo. Tukifika shambani nyasi zimeshalowa umande na kaka anatoka kunipokea amejifunika blanketi. Hapo sijamaliza hata saa moja tangu nilipofunga mlango wangu, na nilipoufunga niligusa ukuta wa nje, ule unaotazama magharibi. Ilikuwa saa nne usiku. Jua lilikuwa limezama zamani, lakini ukuta ulikuwa unatoa joto kama paji la uso la mtu mwenye homa.

Jambo hili si geni. Miaka 200 iliyopita huko London, mfamasia mmoja aitwaye Luke Howard, yuleyule aliyeyapa mawingu majina yanayotumika mpaka leo, alilinganisha vipimo vya ndani ya jiji na vya mashambani. Akakuta usiku wa jijini una joto zaidi kwa takriban nyuzi 2 za Selsiasi. Akakuta pia kwamba mchana mambo yaligeuka kidogo: shamba ndilo lililozidi, ingawa kwa kiasi kidogo sana. Hiyo sehemu ya pili watu wengi huiruka, na mimi naona ndiyo yenye funzo kwenu. Mnaposhindanisha jiji na viunga vyake saa nane mchana, mnaweza msione tofauti ya maana. Jiji la jangwani lenye bustani zinazomwagiliwa linaweza hata kuwa na mchana wenye nafuu kuliko udongo mkavu unaolizunguka. Tofauti yenyewe inakuja baada ya jua kuzama, na hiyo ndiyo saa ambayo ofisi zenu zimefungwa.

Sababu yake haihitaji maabara. Lami na zege hukaa juani mchana kutwa vikinywa joto, na lami iliyo wazi juani inaweza kupita nyuzi 60 hata kama hewa juu yake haijafika 40. Giza likiingia, joto hilo linatafuta pa kwenda, yaani juu, angani. Shambani njia iko wazi: udongo na majani vinaitazama anga yote, na usiku usio na mawingu wala upepo vinapoa haraka. Kwenye mtaa mwembamba wenye maghorofa pande zote, anga imebaki utepe. Joto linalotoka ukuta huu linapokewa na ukuta wa mbele yake, nao unalirudisha. Profesa Tim Oke wa Kanada alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuonyesha jambo hilo, kwamba kadiri mtaa unavyoona anga kidogo, ndivyo usiku wake unavyochelewa kupoa. Ongezeni hapo injini za magari na mashine zinazofanya kazi usiku. Ongezeni pia upepo uliokatwa na majengo.

Kisha kuna maji. Kila lita moja inayogeuka mvuke hubeba nishati ya zaidi ya nusu uniti ya umeme, na mti mkubwa wenye mizizi iliyoshiba unaweza kutoa mamia ya lita kwa siku. Mkiukata mti huo mkaweka vigae vya saruji, mmezima mtambo wa kupozea hewa uliokuwa haulipiwi bili. Nasema mmezima kwa sababu mtaani kwetu ilikatwa safu nzima ya miti ili njia ya waenda kwa miguu ipanuliwe. Njia sasa ni pana na nzuri, ila mchana hakuna anayepita. Watu wanajibana kwenye kivuli cha nguzo ya umeme, wamepanga mstari mmoja kama wanasubiri huduma.

Kwa wastani wa mwaka, jiji la watu milioni moja au zaidi huwa na joto linalozidi viunga vyake kwa nyuzi 1 hadi 3. Najua namba hiyo haimtishi mtu akiisoma kwenye kikao. Lakini wastani huchanganya usiku wa mvua na upepo, ambao hauna tofauti yoyote, na usiku mtulivu wa anga safi, ambao pengo linaweza kufika nyuzi 10 na zaidi. Mgonjwa anakutana na usiku mmoja mmoja, wastani hajawahi kuuona.

Sasa nirudi kwenye kipimajoto chenu. Kwa kanuni za kimataifa kinawekwa kwenye kisanduku cheupe chenye kuta za vibao vya kupitisha hewa, kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, juu ya nyasi, mbali na majengo. Mara nyingi kiko uwanja wa ndege. Sina ugomvi na kanuni hiyo, maana imewekwa makusudi ili vipimo vya nchi mbalimbali vilinganishwe kwa haki, na marubani wanakihitaji pale kilipo. Ugomvi wangu ni kuchukua namba ya kwenye nyasi za uwanja wa ndege na kuniambia ndiyo hali yangu. Mnajua kilichotokea Tokyo? Desemba 2014 kituo rasmi cha jiji kilihamishwa kutoka eneo la maofisi la Otemachi kwenda bustani ya Kitanomaru, umbali usiofika kilomita moja. Usiku wa Tokyo ukaonekana umepoa kwa zaidi ya nyuzi 1. Hakuna mkazi hata mmoja aliyepoa. Wajapani hawakulificha hilo. Walipima sehemu zote mbili kwa muda kabla ya kuhama na wakatangaza tofauti yake waziwazi. Mimi nawaomba uungwana wa namna hiyo.

Niliwahi kwenda kulalamika kwenye ofisi moja, sitaitaja. Nilieleza kwamba mtaani kwetu wazee wanalala barazani kwa sababu ndani hakukaliki, na nikauliza kama kuna mpango wowote wa siku za joto kali. Karani, kijana mstaarabu kabisa, alifungua simu yake, akasoma, akaniambia, "Leo ni 33 tu, mzee, mbona tumezoea." Ofisi yenyewe ilikuwa na kiyoyozi kilichowashwa mpaka yeye amevaa sweta. Wahenga walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kuhusu hicho kiyoyozi, kwa kuwa kimetajwa. Sipingi mtu kujiokoa, na kuna wagonjwa na vichanga ambao bila kiyoyozi hawataiona asubuhi. Ila kiyoyozi hakiui joto, kinalihamisha. Kinalitoa chumbani na kulimwaga mtaani pamoja na joto la mashine yenyewe. Watafiti wa jiji la Phoenix, Marekani, walikadiria mwaka 2014 kwamba viyoyozi peke yake viliweza kuongeza zaidi ya nyuzi 1 kwenye joto la usiku katika baadhi ya maeneo ya jiji. Kwa hiyo asiye nacho anabeba joto lake na la jirani. Dirisha langu linatazamana na viyoyozi vinne vya jengo la mbele, na huwa nalifungua baada ya saa saba usiku, vikishapunguzwa.

Mtu anaweza kusema joto halijaua mtu hapa. Joto linaua kimyakimya, na cheti kinaandikwa moyo, figo au kiharusi. Mwili unavumilia mchana mkali ukipewa usiku wa kupumzika. Ukinyimwa usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, moyo unachoka. Chicago, Julai 1995, walikufa zaidi ya watu 700 kwa siku chache. Wengi walikuwa wazee waliokuwa wakiishi peke yao, kwenye vyumba vya ghorofa ambavyo havikupoa usiku kucha. Ulaya, kiangazi cha 2003, vifo vya ziada vilipita 70,000. Na Juni 2021 jimbo la British Columbia, Kanada, nchi ambayo sisi wengine tunaijua kwa theluji, lilipoteza watu 619, karibu wote wakiwa ndani ya nyumba. Tafadhali liangalieni hilo neno, ndani. Vipimo vyenu viko nje, kwenye kivuli, penye hewa. Bati langu saa tisa mchana linalia kwa kutanuka, ta, ta, ta, kama mtu anatembea juu yake, na usiku linalia tena likisinyaa. Katikati ya milio hiyo miwili ndipo ninapoishi, na hakuna chombo chochote kinachopima pale.

Wala joto halijagawanywa kwa bahati nasibu. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha maeneo ya mijini 108 na ramani za miaka ya 1930 zilizotumika kuamua mitaa ipi isipewe mikopo ya nyumba. Mitaa iliyopakwa rangi nyekundu wakati huo, mingi ikiwa ya watu weusi na maskini, leo ardhi yake ina joto zaidi ya mitaa iliyopendelewa kwa wastani wa nyuzi 2.6. Waliochora ramani zile hawakufikiria hali ya hewa hata kidogo. Walifikiria fedha. Miti, bustani na nafasi kati ya nyumba vikaifuata fedha, na zaidi ya miaka themanini baadaye kipimajoto kikasoma uamuzi wao.

Nimesema sana ya mjini, na kaka yangu atanilaumu. Yeye tatizo lake ni kinyume. Mnapotangaza usiku wa nyuzi 5, mnasema ya kwenye kisanduku, urefu wa mtu mzima kutoka ardhini. Miche yake ina urefu wa kiganja. Usiku wa anga safi na utulivu, ardhini kwenye majani panaweza kuwa na baridi inayozidi ya kisandukuni kwa nyuzi kadhaa. Tena hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji na kutuama mabondeni. Ndiyo maana pikipiki yetu inapozama bondeni tunatetemeka na tukipanda tunapata nafuu. Kwa hiyo mjini mnasema usiku wa leo ni wa kawaida, na alfajiri yeye anakuta jalidi, ile barafu nyembamba nyeupe, juu ya majani, na ifikapo saa nne asubuhi majani hayo yamekuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Aliniambia jalidi ilianza kumzidi tangu tuta la barabara mpya lilipokatiza bonde chini ya shamba lake. Wengine walimcheka. Mimi sikumcheka, kwa sababu tuta linazuia hewa baridi kama linavyozuia maji, na kinachoshindwa kupita kinajaa nyuma yake.

Mchana nako hajasalimika. Udongo mkavu ulio wazi hupata moto haraka kama unavyopoa haraka, na yeye ana jembe mkononi saa sita. Mimi joto langu halishuki. La kwake linapanda na kushuka kama ngalawa kwenye mawimbi, na mwili wa mtu mzima, achilia mbali mtoto mchanga, unalipia vyote viwili. Namba yenu moja inaniongopea mimi kwa kushusha na inamwongopea yeye kwa pande zote.

Halafu kuna jambo linalotuunganisha mimi na yeye, ambalo kwenye ramani zenu za mipango sijaliona. Ile hewa baridi inayomuunguzia miche ndiyo ambayo, ikiachiwa njia, inateremka usiku na kuja kunipoza mimi. Stuttgart, Ujerumani, ni jiji lililokaa kama ndani ya bakuli, na wana ofisi yao ya hali ya hewa ya jiji tangu mwaka 1938. Wamechora njia ambazo hewa ya vilimani hupita usiku kuingia mjini, na kwenye njia hizo ujenzi unabanwa. Wanajua kwamba ghorofa moja refu lililowekwa kwenye mdomo wa bonde linaweza kuwanyima usingizi watu wasioliona hata kwa macho. Kwetu midomo ya mabonde ndiyo viwanja vinavyogombewa, na mashamba ya pembezoni yanahesabiwa kuwa ardhi inayosubiri kazi. Ardhi hiyo iko kazini kila usiku, tatizo hamjaiona ikifanya hiyo kazi kwa sababu mnakuja kuipima mchana.

Sisemi haya ili mkate tamaa. Ahmedabad, India, ilipata joto la nyuzi 46.8 Mei 2010, na mwezi huo vifo vilizidi vya kawaida kwa zaidi ya 1,300. Miaka mitatu baadaye jiji lilikuwa na mpango wake wa kukabili joto: tahadhari zinatolewa mapema, wahudumu wa afya wanafundishwa kumtambua mtu aliyezidiwa na joto, na baadaye mapaa ya nyumba za maskini yakaanza kupakwa rangi nyeupe. Freetown, Sierra Leone, mwaka 2021 iliteua ofisa wa jiji anayeshughulikia joto, wa kwanza barani Afrika, na mojawapo ya kazi zilizofuata ikawa kuwawekea wanawake wa masokoni vivuli. Seoul ilibomoa barabara kuu ya juu kwa juu na mwaka 2005 ikaufungua tena mto Cheonggyecheon uliokuwa umefukiwa chini yake, karibu kilomita 6 za maji katikati ya jiji, na kandokando yake sasa kiangazi kina nafuu ya nyuzi kadhaa kuliko mitaa ya jirani. Sitegemei mbomoe barabara kesho. Rangi nyeupe, hata hivyo, haihitaji kikao cha bajeti cha miezi sita. Bati lililopakwa rangi nyeupe nzuri hurudisha sehemu kubwa ya jua, na lile la kutu au jeusi hulinywa karibu lote.

Ninachoomba hasa ni hiki. Wekeni vipimajoto mahali watu wanapolala: kwenye mitaa iliyobanana, kwenye ghorofa za juu, na mabondeni wanakolima, karibu na ardhi. Visiwe badala ya kile cha uwanja wa ndege. Viwe pamoja nacho, na vipimo vyake vitangazwe kwa majina ya maeneo, siyo kwa jina la jiji. Tahadhari ya joto ipimwe kwa usiku pia. Mkitangaza "kutakuwa na mchana wa nyuzi 36" mmenieleza nusu ya habari, na ile nusu inayoua mmeiacha. Mzee wa ghorofa ya tano anatakiwa ajue kwamba kuna usiku tatu mfululizo ambazo chumba chake hakitapoa, ili mtu apangiwe kumgongea mlango. Kaka yangu naye apewe taarifa ya jalidi jioni, wakati bado ana mwanga wa kufunika miche, na siyo ya jumla ya jiji. Na kila ombi la kujenga kwenye bonde au kukata safu ya miti lije na jibu la swali moja: usiku hewa itapitia wapi?

Kwa idara ya mipango miji nina neno la pembeni. Miche mliyoipanda kufidia ile miti iliyokatwa nimeihesabu, ni mingi kuliko iliyokatwa, nawapongeza. Mmoja una kivuli kinachotosha kufunika kiatu. Mwagilieni, isije ikahesabiwa tena mwakani kama miche mipya.

Nimesikia kwamba malalamiko yasiyo na vipimo hayafanyiwi kazi. Basi nimenunua kipimajoto, nimekining'iniza kwenye msumari kando ya dirisha, mahali jua halifiki, na ninaandika kwenye daftari saa nane mchana, saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri. Kaka anacho cha kwake, amekichomeka kwenye kijiti katikati ya matuta. Madaftari yote mawili mtapewa mkiyahitaji. Lakini ningependa zaidi mje wenyewe, na mje saa tano usiku. Mkipanda ngazi msiziguse kingo zake za chuma kama mmewahi mchana. Viti nitawatolea nje kwenye ujia, maana ndani hamtakaa.

Wenu,
Mpangaji wa chumba cha juu